Picha Zilizotikisika

Gesti ya karibu na stendi, chumba cha juu
Jumanne, 4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Tumefika mji wa tatu na mimi nimechoka mpaka kope. Ukumbi wa jana una taa nne: mbili zimekufa, ya tatu inamwangazia muuza soda, na iliyobaki tuligawana mimi na bendi nzima. Nilipiga picha nikiwa nimechuchumaa mbele ya spika, na mpaka sasa sikio la kushoto linavuma.

Dereva wa basi la asubuhi anakuletea filamu sita. Nimezipiga gizani mno, kwa hiyo zikae kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida. Najua unajua. Mtu aliyechoka husema yanayojulikana.

Baba mzima, anapiga gitaa kama ana kesi nalo. Huku ukisema Mzee wa Nyuzi hata muuza maji anatabasamu. Jana alipiga wimbo mmoja mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko yao mikononi. Mimi naendelea na ufundi wake ule ule alionifundisha: giza linataka kamera ibaki wazi kwa muda, na ikibaki wazi, chochote kinachojongea kinatoka moshi. Basi namvizia anapotua. Akimaliza kipande chake na mwimbaji akapokea, mkono wake wa kulia unalala juu ya ubavu wa gitaa, na hapo ndipo ninapofyatua. Watu hubandua mabango yetu ukutani wakayapeleka kwao kwa ajili ya mkono ule. Ndio ulionipa jina kwenye kazi hii, maana sura yangu haijawahi kunipa kitu.

Meneja anataka picha za mabango mapya wiki hii, mpelekee ofisini. Na msalimie shemeji, mwambie naomba radhi kwa bafu lake.

Mdogo wako,
Popo


Nyumbani
Jumapili, 9 Juni

Popo mdogo wangu,

Filamu zimefika salama. Shemeji yako ameoga kwa jirani tangu Alhamisi, na anasema alitafuta mke akapata kiwanda. Mwache aseme, suruali zake zinanuka dawa lakini nazo hazijawahi kunukia marashi.

Sasa sikia, na usishtuke. Picha nyingi zimetikisika. Inatokea. Huenda dawa yangu imechoka, nimeifungua siku nyingi. Meneja nimempa za safari ya mwaka jana. Koti la Baba ni lile lile, nani atajua? Aliuliza ziko wapi mpya, nikamjibu hivyo hivyo, zimetikisika. Nakala sikutumii, hazina maana, ni kuipotezea posta nafasi.

Wewe lala. Kula. Usipige magoti kwenye sakafu ya saruji, huna magoti ya akiba. Baba anakula vizuri? Anavaa shati mwenyewe? Nauliza tu, unawajua wazee.

Dada yako


Nyumbani
Jumapili hiyo hiyo, 9 Juni

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeitia kwenye bahasha yako peke yako. Uisome ukiwa peke yako pia.

Nimesafisha filamu za Popo. Gitaa limetoka safi, hata mkwaruzo wa chini unaonekana. Koti safi, kola safi, ndevu zako ningeweza kuzihesabu. Mkono wako wa kulia tu ndio umekuwa moshi. Nikadhani ni picha moja. Nikachapisha ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Kamera ikitikisika hutikisa kila kitu, Baba, haichagui mkono.

Asubuhi ile kabla ya safari, mkono ulipokushinda nikakufunga vifungo vya shati, ulinambia ni baridi. Jioni ukanambia ukweli, na ukaniapisha nisimwambie mtu mpaka onyesho la mwisho lirekodiwe santuri. Ahadi naishika. Lakini sasa nimemdanganya mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa wino, na sijalala vizuri. Nifanye nini zikija filamu nyingine?

Mwanao


Njiani
Alhamisi, 13 Juni

Mama yangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako chooni, maana ndicho chumba pekee ambacho mpiga ngoma hajakifuata.

Usimwambie. Popo ana uso wa kioo, akijua leo, meneja ataisoma habari yote usoni mwake kabla chai haijapoa. Yule mpiga gitaa wa pili yuko tayari kushika nafasi yangu. Ni kijana mwema, ana adabu, na kila siku ananiuliza nimeamkaje kwa sauti ya mtu anayesubiri urithi. Simlaumu, nami nilikuwa hivyo.

Nikipiga, mkono unatii. Unanisikia? Unatii kabisa. Ukipumzika ndipo unaanza fujo zake. Kwa hiyo naogopa kupumzika tu, kupiga siogopi. Nipe mpaka santuri hii, moja tu, iliyopigwa na mimi mwenyewe mbele ya watu. Nimepiga gitaa kwenye santuri za wengine maisha yangu yote. Sitaki kuondoka jukwaani kwa kuhurumiwa.

Picha zikiharibika zitapigwa nyingine. Popo ni mzoefu, hatajali.

Baba yako


Gesti, mji wa tano
Alhamisi, 20 Juni

Dada,

Meneja alipiga simu mapokezi. Nilizungumza naye nikiwa nimesimama kati ya mwenye gesti na mpiga kinanda, wote wawili wakijifanya wanasoma gazeti moja. Anasema kwa wema kabisa, na wema wake ndio ulioniumiza, kwamba amesikia picha zangu siku hizi zinatikisika. Kwamba umri hauna huruma. Kwamba picha ya jalada la santuri haichezewi, na onyesho la mwisho atakuja na mpiga picha wa harusi. Yule mwenye flashi, Dada. Anayewapiga watu picha wakatoka kama wamekamatwa wakiiba kuku.

Nikakutetea. Nikamwambia dawa ilikuwa mbovu. Akasema, “Dada yako anakupenda sana.” Hapo nikaelewa. Nilikuwa mjinga kutoelewa mapema. Dawa yako haijawahi kuchoka tangu nikujue, wewe unayenusa chupa kabla ya kuimimina. Na nakala hukutuma kwa sababu hukutaka nizione. Unanifichia aibu yangu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho hapa. Alinionyesha herufi ukutani, nikazisoma zote, nikamsomea na jina la kiwanda cha karatasi pale chini. Akasema nina macho ya mwewe. Basi kama si macho, ni mikono. Nimerudi chumbani nikajaza glasi ya maji mpaka juu, nikainyoosha mbele yangu. Mwanzoni ilitulia. Kadiri nilivyoitazama, ndivyo maji yalivyoanza kutetemeka, mpaka yakamwagika mkekani. Nikakaa kitandani nikalia kama mtoto aliyenyimwa safari.

Kazi hii sikuisomea popote. Nina giza na mikono miwili, basi. Sasa mmoja wa washirika amejitoa. Nenda kwa yule mwenye studio ya picha za pasipoti, nyuma ya posta. Alisema ananihitaji kuanzia mwezi ujao, na anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Pale kuna taa kubwa mbili na kiti kimoja, hata mkono wa mlevi hauwezi kukosea. Sijasema ndiyo bado. Mwambie asubiri kidogo.

Na usinidanganye tena. Nambie tu kwamba nimekwisha, nipumzike.

Popo


Nyumbani
Jumatatu, 24 Juni

Baba, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Popo. Isome mwenyewe, mimi sina nguvu ya kukuhadithia.

Ulisema hatajali.

Niliogopa meneja asije akakuona wewe, nikampa jina la mdogo wangu alitafune badala yako. Sikukusudia, lakini ndivyo nilivyofanya. Anaketi peke yake akipima mikono yake kwa glasi ya maji, Baba, na mikono ile haina kosa lolote. Mwambie kabla ya onyesho la Jumamosi. Usipomwambia, nitapanda basi nimwambie mimi, na radhi zako nitakuja kuziomba baadaye.

Mwanao


Chumba kinachofuata chako
Alhamisi, 27 Juni

Popo,

Usicheke kwamba nakuandikia barua na ukuta wetu ni mmoja. Nakusikia ukikohoa. Kunywa maji ya moto. Mambo mengine mtu akiyasema kwa mdomo, anayetazamwa hushindwa kuyamaliza, na mimi nataka kumaliza.

Mkono unaotikisika ni wangu, si wako.

Ni wa kulia. Daktari ameupa ugonjwa huu jina refu, nikamwomba asinifundishe kulitamka. Nikilishika gitaa unatulia kabisa. Nikiuacha upumzike unaanza kucheza peke yake, bila ngoma. Na wewe unanipiga picha ninapopumzika. Nilikufundisha mwenyewe, mvizie mtu anapotua. Nimeutega mtego kwa miaka ishirini na nimenasa mguu wangu.

Dada yako alijua kwa sababu alinifunga vifungo. Nikamwapisha. Usimkasirikie sana, mkasirikie mimi, nina kifua kipana. Nilidhani picha mbovu ni picha mbovu tu. Sikujua unalala na jambo hili. Ningejua, ningeisimamisha bendi katikati ya wimbo, na hilo naliapa kwa mama yenu aliyeko kaburini.

Sasa kuhusu meneja. Anakuja kesho. Ukitaka kumwambia ukweli, mwambie. Ni jina lako, umelitafuta kwa magoti yako, sina haki ya kulilipia gitaa langu kwalo. Sitakuwekea kinyongo. Kijana wa pili anazijua nyimbo zote. Nitakaa kwenye kiti nimpigie makofi.

Usije kunigongea. Kesho kwenye chai tuzungumze habari za mvua.

Baba


Mji wa mwisho
Jumapili, 30 Juni

Dada,

Nilifurahi. Nataka ujue hilo kwanza, kwa sababu nisipokuambia wewe nitalibeba mpaka kufa. Niliisoma barua ya Baba nikiwa nimesimama mlangoni, na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni furaha. Macho yangu mazima! Mikono yangu mizima! Nikairuka ile mistari ya daktari, nikarudi pale aliposema “si wako”, nikaisoma tena. Ndipo nikamsikia ng'ambo ya ukuta akivua viatu, kimoja, kisha kimya kirefu, kisha cha pili. Nikaelewa kwa nini cha pili kilichukua muda. Nikajichukia kiasi ambacho siwezi kukuandikia.

Wewe pia nilikukasirikia. Ulikuwa tayari nijione kilema. Lakini hasira ilinichosha kabla haijafika popote, na nilikumbuka kwamba ulikuwa umebanwa huku na huku. Yaishe.

Asubuhi tulizungumza habari za mvua. Nilimkorogea sukari bila kuuliza. Akaniacha nikoroge.

Meneja aliingia ukumbini Ijumaa mchana na yule wa harusi, amebeba flashi kubwa kama sufuria. Bendi nzima ilikuwa pale ikipanga vyombo. Meneja akanivuta pembeni, lakini sauti yake haijui maana ya pembeni. Akasema bado ananiheshimu. Kama naweza kumhakikishia kwamba tatizo lilikuwa dawa tu, jalada ni langu. Ila angependa kwanza kuziona zile zilizoharibika, azikague mwenyewe.

Unadhani hapo ningefanya nini? Ningesema mikono yangu mizima, angetaka ushahidi. Na ushahidi uko kwenye sanduku lako, na mtu yeyote mwenye macho angeona kilichotikisika ni nini. Baba alikuwa anakaza nyuzi, hakuinua uso. Mkono wa kulia alikuwa ameukalia.

Nikasema, “Ni mimi. Mikono yangu haishiki tena. Mwache huyu bwana apige, na apige kwa flashi.”

Mpiga ngoma, ambaye ananijua tangu nikiazima kamera, alianza kusema kitu akakiacha. Mimi, Dada, niliyewafukuza watu wa flashi mbele ya jukwaa kwa viwiko na matusi! Lakini flashi inawaka na kuzimika kabla mkono haujapata muda wa kutikisika. Inaukamata ulivyo. Hakuna dawa nyingine ya kumfichia Baba siri yake mbele ya kamera, na niliijua mimi peke yangu mle ndani. Yule wa harusi hakujua kwa nini nilimfundisha mahali pa kusimama.

Jumamosi alipiga. Nilisimama nyuma karibu na mlango, mikono mitupu. Miaka yote hii sijawahi kumsikiliza Baba. Nilikuwa namtazama tu, nikingoja anyamaze. Dada, anapiga vizuri kupita kiasi. Nilikuwa sijui.

Waambie studio ya pasipoti kwamba nimekubali.

Popo


Nyumbani
Alhamisi, 4 Julai

Popo,

Nimekwenda studio kama ulivyotaka. Mwenyewe amefurahi, akaniuliza kama ni kweli mikono yako inatetemeka, maana habari zimefika kabla yako. Nikamwambia unaweza kutunga uzi kwenye sindano ukiwa juu ya pikipiki. Hakucheka.

Nimekaa bafuni na taa nyekundu bila kazi yoyote, nikafikiri. Rudisha neno lako. Santuri imekwisha kurekodiwa, sasa Baba amwambie meneja, jina lako lisafishwe. Nitakwenda mimi ofisini na picha zote kwenye kikapu. Unadhani watu watakuita kazini tena? Mtu akisema mpiga picha fulani mikono imekwisha, hakuna anayesubiri kuhakikisha. Umejiuza rahisi mno, mdogo wangu. Shemeji yako naye anasema hivyo, na tangu lini tukakubaliana?

Dada yako


Mji wa mwisho
Jumapili, 14 Julai

Dada,

Usiende ofisini. Kikapu kiache kilipo.

Tumekawia kwa sababu fundi wa sauti alimtaka Baba arudie vipande viwili. Amevirudia. Cha pili kilimchukua siku nzima, akatoka shati limelowa, akasema, “Kimeingia.” Basi. Sasa santuri ni yake, hakuna atakayemnyang'anya tena.

Alitaka kumweleza meneja jioni ile ile. Nilimzuia. Meneja ni mfanyabiashara, santuri bado haijafika dukani, na huruma inauza wiki moja tu. Nimemwapisha anyamaze mpaka watu waisikie kwanza bila kujua. Amekasirika, ameniita mwana wa mama yangu, lakini ameapa. Tukifika huko atasema kwa wakati wake, akitaka. Mimi macho yangu mazima, wewe unajua, yeye anajua. Watatu tunatosha kwa sasa. Kiti na taa mbili nitavizoea, na kila siku saa kumi nitakuwa nyumbani, atahitaji mtu wa vifungo.

Jana meneja alituletea jalada. Ile picha ya flashi imetoka safi, usiionee wivu, ni safi kweli. Nyuzi zinahesabika. Mkono umetulia juu ya gitaa, kila ukucha mahali pake, mweupe kwa mwanga. Bendi yote ilishangilia, mpiga ngoma akanitazama kwa huruma, nikapiga makofi pamoja nao.

Baba alilishika jalada kwa mkono wa kushoto, akalitazama muda mrefu. Walipotoka wote akaniuliza, “Popo, mkono huu ni wa nani?”

Nikamwambia, “Ni wako, Baba.”

Akasema, “Umelala kama wa marehemu.” Kisha akaniuliza kama zile nilizoharibu mimi bado zipo, au wewe umezichoma. Nikamwambia nadhani zipo. Akasema anataka moja ya kutundika chumbani kwake, ile ambayo anaonekana yu hai.

Basi chagua wewe, ile ambayo mkono umetikisika kuliko zote, uichapishe kubwa. Tutafika Jumatano.

Popo